Kukagua 4x4 iliyotumika kabla ya kulipa: pikapu iliyotoka mgodini au Prado iliyopitia Dar es Salaam?

Mkulima wa Barabara ya Kasenga

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Ninalo shamba la mahindi upande wa barabara ya Kasenga, na mvua zinapoanza Novemba hadi zinapokatika Aprili, magari madogo hayafiki huko, au yakifika hayatoki. Nimeamua kununua gari la 4x4 lililotumika, kwa kuwa jipya liko nje kabisa ya uwezo wangu, na hadi sasa nimeonyeshwa mawili.

La kwanza ni Land Cruiser HZJ79, pikapu ya kabini moja, rangi nyeupe, ambayo ilikuwa ikitumiwa na kampuni moja inayofanya kazi za ukandarasi ndani ya migodi upande wa Kolwezi. Geji yake inaonyesha kilomita 94,000. La pili ni Prado ya mwaka 1998 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE na usukani wa kulia, iliyotoka Japani, ikashushwa Dar es Salaam na kuingilia Kasumbalesa. Hiyo inaonyesha kilomita 187,000. Wauzaji wote wawili wanasema gari halina tatizo lolote, kama wauzaji wanavyosema siku zote.

Ninaye fundi nitakayemlipa aje kukagua, lakini sipendi kumzungusha mjini kwa ajili ya magari ambayo mimi mwenyewe ningeweza kuyakataa kwa macho. Naomba mnieleze nianzie wapi, na hasa mnitenganishie dalili ambazo mtu akiziona anapaswa kuondoka bila kugeuka nyuma, na zile ambazo ni za kuombea bei ipunguzwe tu.

Fundi wa Katuba

Ndugu Mkulima, anzia chini, usianzie kwenye injini. Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza, husikiliza mlio, hufurahi, na mambo ya uvunguni huyaona baada ya kulipa. Injini ya 1HZ iliyomo kwenye hiyo pikapu inafunguliwa na kutengenezwa hapa hapa mjini, vipuri vyake vinapatikana, na mafundi wanaoijua si wachache. Chasisi iliyopasuka haina tiba ya namna hiyo: ukishaichomelea, ufa mpya hujitokeza pembeni ya weldi, na kila msimu wa mavuno utakuwa ukirudi kwa mchomeleaji.

Vaa nguo za kazi, chukua tochi na nyundo ndogo, ulale uvunguni. Kwa pikapu, mahali pa kwanza ni kipande cha chasisi kilicho kati ya kabini na sehemu ya mizigo, kwa sababu mzigo ukizidi, hasa ukipakiwa nyuma ya ekseli, chasisi hujikunja hapo. Ufa ukiwa bado mchanga huonekana kama mstari mwembamba wa kutu unaoanzia kwenye tundu la boliti au ukingoni mwa weldi. Angalia vishikizo vya springi za bapa za nyuma, kisha mbele uangalie pale boksi la usukani linapofungwa na pale springi za koili zinapokalia. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa uvunguni kote ilhali gari lenyewe limechakaa, gonga kwa nyundo kila baada ya shubiri chache. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na wakati mwingine magamba hukudondokea usoni, kwa hiyo funga macho.

Gari la mgodini lina alama zake. Utakuta matundu juu ya paa palipokuwa pamefungwa taa ya kuzunguka, tundu la mlingoti wa bendera kwenye bampa, na ndani ya kabini matundu ya boliti za fremu inayowakinga watu gari likipinduka. Matundu hayo si kasoro. Kasoro ni pale yalipojazwa puti na kupakwa rangi, halafu muuzaji anakueleza kwamba gari lilikuwa la mkurugenzi aliyekuwa akienda nalo ofisini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa magari ya huko ni asidi. Viwanda vingi vya shaba na kobalti vya Katanga hutumia asidi ya sulfuriki kuyeyusha madini, na gari lililofanya kazi kwa miaka ndani ya uzio wa kiwanda kama hicho hupata kutu mahali ambapo huitarajii: mabomba membamba ya breki, vichwa vya boliti, soketi za umeme. Chomoa soketi moja au mbili chini ya boneti. Ukiona unga wa kijani kwenye vipini vyake, fahamu kwamba nyaya nazo huenda zimeliwa ndani ya plastiki zake, na matatizo ya umeme ya namna hiyo hayana mwisho. Mabomba ya breki yaliyochimbika ni ya kubadilisha yote, na hiyo ni hoja ya bei. Umeme uliooza mimi nauweka upande wa kuondoka.

Kuhusu zile kilomita 94,000, usizitilie maanani sana, kwa sababu hata zikiwa za kweli hazipimi kitu tunachokitafuta. Pikapu ya mgodini inaweza kusimama ikinguruma zamu nzima ili redio ya mawasiliano na kiyoyozi vifanye kazi, na geji haisogei hata kidogo. Kinachochakaa ni saa za injini, na saa hizo hazikuandikwa popote ambapo utaziona. Tazama mpira wa pedali ya klachi, kiti cha dereva upande anaopandia, na kitasa cha gia; gari la kilomita 94,000 ambalo pedali yake imebaki chuma kitupu limefanya kazi zaidi ya hiyo.

Sasa injini. Nenda asubuhi bila kumpa muuzaji saa kamili ya kufika, na kabla haijawashwa weka mkono juu yake. Ikiwa ina joto, mwambie utarudi siku nyingine, kwani injini ya dizeli iliyochoka huficha mengi ikishapata moto. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji: yasiwe na utando wa oili juu, wala yasiwe maji ya bomba yenye rangi ya chai. Vuta kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa inamaanisha maji yamechanganyika nayo. Kisha mtu awashe huku wewe umesimama nyuma. Moshi mweupe kidogo kwa baridi ya Juni au Julai ya hapa kwetu si wa ajabu, ila ukiendelea baada ya injini kupata joto, ama dizeli haichomwi vizuri ama maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito mara nyingi ni filta iliyoziba, pampu au nozeli, na hayo yanatengenezeka. Mwisho fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma, uuweke juu ya tundu bila kuukaza: ukitetemeka si neno, ukirushwa pembeni ujue pete za pistoni zimechoka.

Lakini ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha injini kwa gari la Katanga, ningechagua hiki. Fungua boksi la filta ya hewa, toa filta, uingize kidole ndani ya bomba linalotoka hapo kwenda kwenye injini, yaani upande ambao hewa inapaswa kuwa imekwisha kusafishwa. Pitisha kidole kwenye ukuta wa bomba. Kikitoka safi au na unyevu mdogo wa oili, ni vizuri. Kikitoka na vumbi jekundu, injini hiyo imekula vumbi, na vumbi likishapita hapo husaga silinda na pete kimya kimya hadi compresheni inaisha. Muuzaji huosha injini, huweka filta mpya inayong'aa, lakini ni wachache wanaokumbuka kufuta bomba hilo kwa ndani. Kama gari lina snorkeli (bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa), kagua pia viungo vyake, kwa maana snorkeli iliyolegea kiungo huingiza vumbi na maji kama kawaida, ikabaki kuwa pambo.

1HZ ina silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na haikutengenezwa na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini). Ukikuta imefungwa tabo na mtu binafsi, uliza nani aliifunga na pampu ilirekebishwaje. Asipojibu sawasawa, mimi ningeiacha. Pia inatumia mkanda wa taimingi, ambao kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo, hata ukiamini ile 94,000, ingiza bei ya mkanda kwenye hesabu zako za siku ya kwanza.

Prado ya 1KZ-TE, kwa maoni yangu, si gari la kazi ya shamba. Silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikishawahi kuchemka, na gari la 1998 kupita miaka yote hiyo bila kuchemka hata mara moja ni bahati. Injini ikiwa baridi kabisa iwashe, subiri dakika chache, kisha minya bomba la juu la rejeta. Likiwa limekwisha kukaza kama tairi kabla maji hayajapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, nawe huna haja ya kuangalia kingine chochote.

Dereva Mstaafu wa Likasi

Aliyoyasema Papa Fundi ni ya gari lililosimama, na sina la kupinga humo. Mimi nitaongeza ya gari linalotembea, kwa sababu nimeona watu wakinunua 4x4, wakaitembeza kwenye lami ya mjini, wakaridhika, na siku ya kwanza ya matope wakagundua kwamba magurudumu ya mbele hayasukumi.

Omba kulijaribu gari kwenye barabara ya udongo, si kwenye lami. Sababu si udongo kuonyesha nguvu tu. HZJ79 ikiwekwa H4 (magurudumu yote manne, mwendo wa kawaida), shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, na kwenye lami kavu magurudumu hayapati nafasi ya kuteleza ili kufidia tofauti ya mwendo kwenye kona. Mfumo mzima hujikaza, usukani unakuwa mzito, na waweza kuvunja kitu ambacho si chako bado. Prado ya Japani ya aina hiyo mara nyingi ni 4x4 ya kudumu yenye difu ya katikati, kwa hiyo yenyewe hutembea kwenye lami bila shida, mradi ile difu ya katikati haijafungwa kwa HL.

Kabla hujaondoka, inama kwenye magurudumu ya mbele ya pikapu uzungushe vile vitufe vya habu (kiungo cha katikati ya gurudumu kinacholiunganisha na ekseli) kutoka FREE hadi LOCK kwa mkono. Viwe vinazunguka bila kutumia koleo. Vilivyoganda maana yake hakuna aliyevigusa kwa muda mrefu, na yawezekana grisi ya ndani imekwisha au imeingia maji. Baada ya hapo weka H4, uone taa inawaka kwenye dashibodi, uendeshe polepole ukizunguka duara, usukani umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto, kioo kikiwa chini na redio imezimwa. Mlio wa tak-tak-tak unaofuata mzunguko wa gurudumu ni viungo vya ekseli ya mbele ndani ya knakoli (kifundo kinachogeuza gurudumu) vilivyolika. Ni matengenezo ya gharama, ila si ya kuondokea kama mengine yote ni mazuri.

Kisha simamisha gari, weka gia huru, vuta kwenda L4 (magurudumu manne, mwendo mzito wa polepole), na utafute mteremko. Shuka kwa gia ya kwanza bila kugusa pedali yoyote. Gari lishuke taratibu likijizuia lenyewe. Wakati huo weka kiganja karibu na mkono wa transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) bila kuubana. Ukiruka wenyewe kutoka kwenye L4, transfa imechoka ndani, na hapo mimi nageuza gari namrudishia mwenyewe ufunguo. Huwezi kutegemea kitu kama hicho ukiwa umebeba magunia kwenye mteremko wa matope.

Mkirudi, acha gari lipoe kidogo, uangalie chini tena. Kwenye yale matufe ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, unyevu mwembamba wa grisi ni wa kawaida. Uji mweusi unaochuruzika hadi kwenye rimu ni sili iliyokufa, na oili ya difu inachanganyika na grisi. Muombe muuzaji ruhusa ya kufungua nati ya kujazia oili ya difu zote mbili. Oili iliyogeuka rangi ya kahawa ya maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kwa sababu kile kimrija cha kupumulia difu kimeziba au kimekatika, na gari likiingia mtoni likiwa na moto difu hunyonya maji kupitia kwenye sili. Unga laini wa chuma kwenye nati ya kutolea oili yenye sumaku ni kawaida ya umri. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia.

Jeki gurudumu la mbele, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi za gurudumu au za knakoli. Halafu lishike kulia na kushoto. Likicheza upande huo tu, angalia viungo vya usukani. Na misalaba ya shafti, izungushe kwa mkono uone kama ina nafasi. Hayo yote ni ya kuombea bei.

Wakala wa Kasumbalesa

Ninafanya kazi ya kupitisha magari forodhani, na kwa heshima zote kwa mafundi, ningependa ndugu yetu aanze na karatasi kabla hajachafua nguo zake uvunguni.

Namba ya chasisi ya magari hayo yote mawili imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Futa matope kwa kitambaa na brashi, uisome, uipige picha, uilinganishe na kibati kilicho kwenye boneti au mlangoni, kisha na carte rose (kadi ya usajili wa gari). Herufi ziwe na kina kimoja na mstari mmoja. Sehemu iliyosuguliwa kwa tupa, weldi iliyozunguka namba, au kibati kilichofungwa kwa ribiti mpya, yote ni ya kuondoka. Hapa simaanishi kupunguza bei. Gari lenye namba iliyochezewa unaweza kunyang'anywa siku yoyote, na huna wa kumdai.

Usishangae Prado ikiwa haina namba ya tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi inayoanza na alama ya modeli, kwa mfano KZJ95 ikifuatiwa na kistari na tarakimu. Omba pia cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Kina namba hiyo hiyo, tarehe ya usajili wa kwanza, na mara nyingi kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Ukiona cheti kinasema kilomita zaidi ya zilizo kwenye geji leo, geji imerudishwa nyuma njiani. Karatasi za DGDA (forodha) zionyeshe kwamba ushuru ulilipwa na gari likaruhusiwa kutumika nchini, kwa kuwa yapo magari yaliyoingia kama ya kupita tu kuelekea kwingine na hayakutoka tena.

Pikapu ndiyo inayonihangaisha zaidi, na nashangaa hakuna aliyeligusa hili. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazipa kampuni za madini, na wakandarasi wao katika hali fulani, utaratibu wa pekee wa forodha kwa vifaa wanavyoingiza. Gari lililoingia kwa nafuu hiyo haliuzwi kwa mtu binafsi kama mtu anavyouza baiskeli yake; lazima kwanza likarekebishwe forodhani na ushuru uliobaki ulipwe. Magari ya mashirika ya misaada yaliyosamehewa ushuru yako hivyo hivyo. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali matatu, na majibu yawe karatasi: gari liliingia kwa utaratibu gani, nani alilipa tofauti ya ushuru lilipouzwa, na uko wapi mkataba wa mauzo uliotolewa na kampuni yenyewe, wenye mhuri na jina la aliyenunua. Ikiwa jina kwenye carte rose bado ni la kampuni na anayekuuzia ni mtu wa tatu au wa nne kupokea ufunguo, kila aliyepita hapo katikati alitakiwa kuwa na mkataba wake. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, DGI (idara ya kodi inayosajili magari) hawatakuhamishia jina kwa urahisi.

Mkataba wenu uandikwe mbele ya notaire (mthibitishaji wa mikataba), malipo yapite benki, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji ibaki mkononi mwako. Wakati wa kupiga picha karatasi, mwangalie usoni. Asiye na la kuficha hukusaidia kushika tochi.

Mama Mchuuzi wa Kenya

Mimi ni wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na natumia Prado kama hiyo hiyo kupelekea bidhaa Kipushi na Likasi, kwa hiyo naomba nimpinge Papa Fundi kidogo, ingawa najua mafundi wa mjini wanavyoipenda 1HZ. Kasoro ya silinda hedi ni ya kweli. Lakini mwenye gari anayeweka maji sahihi ya rejeta badala ya maji ya kisima, na anayetazama geji ya joto kwenye mlima, anaweza kukaa nayo vizuri. Prado inabeba watu saba wamekaa kwenye viti, watoto wakiwamo. Pikapu ya kabini moja, mvua ikinyesha, nani atakaa nyuma juu ya magunia? Ndugu Mkulima hakusema kama ana familia ya kusafirisha.

Lililo zito kwangu ni usukani wa kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na huko Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo gari hilo limetengenezwa kwa barabara za kwao. Ukiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Likasi, huoni kinachokuja mpaka gari lako lote limekwisha kutoka nje ya mstari. Abiria wa mbele ndiye anayeona, na si kila abiria ni wa kuaminika. Taa nazo zimeelekezwa kushoto, yaani zinawapiga machoni wanaokuja mbele yako, na kuzirekebisha vizuri ni kubadilisha taa zenyewe.

Wapo wanaokupa suluhisho la gari ambalo usukani wake umehamishiwa kushoto hapa mjini. Hapo chunguza mara mbili. Angalia ukuta wa chuma kati ya injini na kabini kama una matundu yaliyozibwa upande wa kulia, angalia boksi la usukani limefungwa kwenye chasisi kwa boliti za kiwandani au kwa weldi, na uwashe waipa: zikiwa bado zinafagia kwa mpangilio wa usukani wa kulia, mbele ya dereva kutabaki kona ya kioo isiyofutwa. Sijawahi kupanda gari la namna hiyo nikatulia.

Ukiwa unazunguka gari, soma pia vialama vidogo kwenye pembe za vioo. Vyote vikiwa vya mtengenezaji mmoja na mwaka mmoja, isipokuwa kimoja cha mlangoni, muulize muuzaji kilivunjikaje. Na matairi yana tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka kumi ni la kubadilisha, na kwa gari kubwa kama hizi manne yake si bei ndogo.

Mkulima wa Barabara ya Kasenga

Nawashukuru nyote, Mama, Papa Fundi, na wazee wangu wa Likasi na Kasumbalesa. Nimekwenda kuyaona magari yote mawili nikiwa na tochi.

Prado nimeiacha. Nilipofika injini ilikuwa ya moto, nikaomba kurudi kesho yake, nikaikuta ya moto tena, na muuzaji akasema kijana wake alitoka nayo kununua mkate. Pikapu ina karatasi: mkataba wa kampuni upo, uthibitisho wa ushuru uliolipwa forodhani upo, na namba inalingana kila mahali. Nitampa Wakala nakala azisome. Chasisi haina ufa nilioweza kuuona. Kidole changu kilitoka kwenye bomba la hewa na vumbi, si jingi, lakini lilikuwapo. Na nilipoweka H4 taa ya dashibodi haikuwaka. Muuzaji anasema ni balbu tu. Sikuwa na barabara ya udongo karibu ya kuhakikisha.

Fundi wa Katuba

Umefanya vema kuiacha Prado, na kijana wa mkate namfahamu, yuko kwenye kila yadi ya magari.

Vumbi dogo halinitoshi kukwambia uache, wala halinitoshi kukwambia ununue. Hapo ndipo pa kumlipa fundi wako apime compresheni ya silinda zote sita. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo atakayoitazama zaidi. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, injini itafunguliwa karibuni, na bei ya kuifungua itoke kwenye bei ya gari. Akiwa hapo atafute vumbi lilipitia wapi, kwa maana huenda ni klipu ya bomba iliyolegea tu.

Taa ya H4 unaweza kuipima hapo hapo kwenye yadi, bila udongo na bila kubishana kuhusu balbu. Injini izimwe, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe mbele na nyuma, gia iwe ya kwanza, habu zote mbili ziwe LOCK, na mkono wa transfa uwe H4. Jeki gurudumu moja tu la mbele, ujaribu kulizungusha kwa mikono. Likikataa kuzunguka, 4x4 inashika pande zote mbili na muuzaji amesema kweli, ni balbu au swichi. Likizunguka, mwambie mtu alizungushe polepole huku wewe unaangalia shafti ya mbele uvunguni. Shafti ikizunguka pamoja nalo, transfa haijaingia H4. Shafti ikitulia ilhali gurudumu linazunguka, tatizo liko kwenye habu au ekseli ya mbele, ya upande huo au ya upande wa pili. Habu moja mbovu inatosha kuliachia gurudumu lizunguke, hata nyingine ikiwa nzima, kwa hiyo fundi azikague zote mbili. Habu ni kitu cha kununua na kufunga kwa siku moja. Ikiwa ni transfa, usitaje bei yoyote hadi fundi wako ameifungua.